Dawa Isiyochonyota

Lami haikati. Hukwangua, kama mbuzi ya kukunia nazi. Mtu akiteleza na bodaboda, ngozi ya goti, ya kiwiko, ya paja au ya kiganja hubaki barabarani, na mahali pake hubaki bapa jekundu lenye majimaji, limechanganyika na changarawe, vumbi na oili ya magari. Damu si nyingi, mfupa uko mzima, pikipiki bado inawaka. Kwa hiyo hospitali haitajwi. Kinachotajwa ni dawa, na kila aliyesimama pale anayo yake. Mmoja anaagiza spiriti. Mwingine anasema iodini. Wa tatu anafungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya nyama. Wa nne, ambaye mara nyingi ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote, anaonya kwamba jeraha lisiguswe na maji, litaoza. Wengi wetu tumekua tukizisikia sauti hizo, na chini yake iko imani moja: kwamba kinachozuia kidonda kisitunge usaha ni kitu cha kutoka kwenye chupa au kidonge, na kwamba nguvu ya kitu hicho hupimwa kwa maumivu. Mtoto akiruka na kulia, waliomshika waliridhika, maana vijidudu vilikuwa vinakufa. Asiporuka, chupa iligeuzwa kutazamwa kama dawa haijaisha muda wake. Nimeifikiria imani hiyo kwa miaka, na kadiri ninavyosoma na kutazama jinsi michubuko inavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba kazi tumeikabidhi mahali sipo. Mchubuko mpana haukingwi na kinachomiminwa juu yake. Hukingwa kwanza na kinachoondolewa ndani yake, kisha na kinachozuiwa kuingia. Yaani maji, mikono na kitambaa safi.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima tujue ngozi hujirudishaje, kwa sababu mchubuko si kidonda kama kile cha panga. Panga hupasua ngozi yote hadi chini, na kingo mbili zikishonwa huungana. Mchubuko hauna kingo za kushona. Umeondoa tabaka la juu la ngozi, pengine na sehemu ya tabaka la pili, juu ya eneo kubwa, na kuacha ncha za mishipa ya fahamu zikiwa wazi. Ndiyo maana mchubuko wa upana wa kiganja huuma kuliko mkato wenye kina wa sentimita mbili. Lakini katika hasara hiyo kuna bahati. Ndani ya tabaka la pili yamezama mashina ya nywele na vifuko vya jasho, na kuta zake zimejengwa kwa seli zilezile zinazotengeneza ngozi ya juu. Lami ikichukua tabaka la juu tu, mashina hayo hubaki, na kutoka kila moja huchipua kisiwa kidogo cha ngozi mpya kinachotambaa kukutana na jirani yake, kama shamba lililofyekwa bila kung'oa visiki. Kwa njia hiyo eneo pana hufunikwa kwa wiki moja mpaka mbili, mara nyingi bila kovu kubwa. Visiki vikiharibiwa, ngozi haina pa kuanzia isipokuwa pembeni, na safari ya kutoka pembeni hadi katikati ya paja ni ndefu. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya chupa yoyote halipaswi kuishia kwenye vijidudu. Dawa hii itavifanya nini visiki?

Imani ya dawa inayochonyota haikuanzia kwetu, na si ya wajinga. Ina ukoo wa heshima. Mwaka 1867 daktari wa upasuaji Joseph Lister alichapisha taarifa zake kuhusu asidi ya kaboliki, aliyoitumia kwenye mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi, majeraha ambayo wakati ule mara nyingi yaliishia kwa mguu kukatwa au mtu kufa. Wagonjwa wake wengi walipona, na dunia ikajifunza kwamba usaha husababishwa na viumbe hai, na kwamba viumbe hao wanaweza kuuawa. Somo la kwanza lilikuwa kweli na litabaki kweli. La pili ndilo lililopindwa kidogo njiani, likawa: mwaga cha kuua, ndani ya nyama, kwa wingi. Vita Kuu ya Kwanza ikalipa mtihani. Huko Boulogne, Ufaransa, Alexander Fleming, miaka zaidi ya kumi kabla ya kugundua penisilini, alikuwa akichunguza majeraha ya askari yaliyokuwa yakioza licha ya kujazwa dawa za kuua vijidudu. Alitengeneza jeraha la bandia kwa kioo, chupa yenye miiba myembamba iliyo tupu ndani, mfano wa mianya na pembe zilizomo ndani ya nyama iliyopasuka. Akaijaza majimaji yenye vijidudu, akaiosha kwa dawa, akaimwaga, kisha akaijaza tena majimaji mapya. Vijidudu vikarudi, kwa sababu vilikuwa vimejificha kwenye miiba ambako dawa haikufika. Tena alionyesha kwamba dawa zile, zikikutana na chembechembe nyeupe za damu, ziliwaua askari wa mwili kwa urahisi kuliko adui. Daktari aliyekuja kutupa dawa mashuhuri kuliko zote za kuua vijidudu alianza kwa kutuonya kuhusu zile zilizotangulia.

Baadaye maabara zilithibitisha jambo hilo kwa upande wa seli zinazosuka nyama mpya. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliziweka seli hizo kwenye iodini ya kisasa ya hospitali, haidrojeni peroksaidi, siki nyepesi na dawa ya klorini, kila moja kwa nguvu ambayo hutumiwa kwenye vidonda, na seli zikafa. Hapa lakini sitaki kuvuta kamba kupita kiasi. Seli zilizo peke yake katika sahani ya kioo si sawa na seli zilizo mwilini, ambazo zina damu ya kuziosha na kuzilisha, na watafiti haohao waliona kwamba iodini ikipunguzwa nguvu sana iliacha seli hai huku bado ikiua bakteria. Mtu akiniambia kwamba amezimua iodini mpaka ikawa kama chai ya rangi, akaitumia mara moja tu kwenye mchubuko ulioingia tope la mtaro, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na spiriti isiyozimuliwa, na Dettol inayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa wakati lebo yake yenyewe inaagiza ichanganywe na maji, na tabia ya kurudia asubuhi na jioni kwa siku kumi, kila mara tukivichoma visiki vilivyoanza kuchipua. Kitabu cha David Werner, ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, kimekuwa kikikataza spiriti na iodini kuwekwa ndani ya jeraha kwa miongo kadhaa, na kuelekeza sabuni na maji. Kimesimama kwenye rafu za zahanati na nyumba za mapadri huku chupa ya spiriti ikiwa imesimama kando yake.

Basi maji. Uchambuzi wa majaribio mengi uliofanywa na mtandao wa Cochrane, na kurudiwa kadiri majaribio mapya yalivyotoka, haukuona kwamba majeraha yaliyooshwa kwa maji ya bomba yalipata maambukizi zaidi ya yale yaliyooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa maji huozesha, habari hiyo ni ya kushangaza, lakini ukiitafakari inaingia akilini. Kinachofanya kazi hapo si kuua, ni kuondoa. Mchanga mmoja uliobaki ndani ya nyama ni jabali kwa bakteria: nyuma yake kuna kivuli ambacho chembechembe za damu hazifiki vizuri, na hakuna dawa ya kupaka inayolihamisha jabali. Maji yenye msukumo hulihamisha. Ndiyo maana kiasi ni muhimu kuliko aina. Kikombe kimoja ni cha kulainisha tu. Mchubuko mpana unataka lita moja, mbili, hata zaidi, mpaka yanayochuruzika yawe meupe. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, iliyotobolewa kifuniko kwa sindano au msumari mwembamba uliopitishwa motoni, ikikamuliwa hutoa mshipa wa maji wenye nguvu ya kutosha. Kabla ya yote hayo, anayeosha aoshe mikono yake mwenyewe kwa sabuni. Umuhimu wa kunawa mikono daktari Ignaz Semmelweis aliuonyesha Vienna mwaka 1847, na bado tunaukwepa. Sabuni ya kipande ipite kwenye ngozi nzima inayozunguka jeraha. Changarawe isiyotoka kwa maji itolewe kwa kibano kilichochemshwa, au ifutwe taratibu kwa shashi iliyolowa, na kazi hiyo ifanywe siku ileile. Vumbi la lami likiachwa, ngozi mpya huota juu yake na kulifungia ndani kama chale, doa la bluu au jeusi lisilotoka tena isipokuwa kwa mashine au kisu cha daktari.

Hapo pana mapingamizi mawili, na yote ni ya haki. La kwanza ni kwamba maji ya kwenye majaribio yale yalikuwa maji ya bomba salama, na sisi tunachota kisimani, mtoni, kwenye dumu la mchuuzi, au kwenye tangi ambalo halijawahi kufunguliwa kusafishwa. Ni kweli, na anayenukuu utafiti bila kulisema hilo anadanganya kwa kunyamaza. Kipimo ninachokiona kinafaa ni cha kinywa: maji ambayo ungempa mtoto mdogo anywe ndiyo ya kuoshea nyama iliyo wazi. Yaliyochemshwa mpaka yakatokota na kupoa yakiwa yamefunikwa yanatosha kabisa. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita, yatakaribia chumvi ya mwili na hayatachonyota sana, ingawa bila chumvi pia yanafaa. Lakini maji yakiwa bado yanachemka jikoni, na mtu ana tope la barabarani pajani, ni afadhali aanze kwa maji ya bomba au ya mvua yanayoonekana safi na sabuni, kisha amalizie kwa yaliyochemshwa, kuliko kungoja kwa saa kadhaa. Maji ya dimbwi na ya mtaro hayamo katika hesabu hiyo.

Pingamizi la pili hunichekesha, kwa sababu linanipiga kwa silaha yangu. Nimesema dawa isipimwe kwa maumivu, kumbe uoshaji ninaousifu unauma kuliko spiriti! Spiriti huchoma kwa dakika moja. Kuondoa changarawe kwenye goti huchukua robo saa na meno kusagika. Sikatai. Hoja yangu haikuwa kwamba tiba nzuri haiumi, ilikuwa kwamba uchungu hauthibitishi lolote, huku wala kule. Maumivu ya kuosha ni gharama ya kazi, si dalili ya kazi, na gharama hupunguzwa inapowezekana. Parasetamoli kwa kipimo cha umri, nusu saa kabla. Maji ya uvuguvugu badala ya baridi. Kupumzika katikati. Na kama changarawe imezama kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuvumilia, hapo ndipo mwisho wa tiba ya nyumbani: zahanati wana dawa ya ganzi, na kumshika mtoto kwa nguvu watu watatu wakimsugua ni ukatili ambao utamfanya afiche jeraha linalofuata. Nadhani hilo la kuficha lina uzito kuliko tunavyodhani. Watoto wengi hawaonyeshi michubuko yao kwa sababu wanaiogopa chupa, si kidonda, na kidonda kilichofichwa chini ya soksi ya shule hakioshwi na mtu.

Nusu ya pili ya hoja ni kufunika, na hapa ndipo ubishi huwa mkali zaidi, kwa kuwa karibu kila mzee ameamini kwamba kidonda kinataka hewa kikauke, kitunge kigaga, kigaga kidondoke. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa London, alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilolifanya kwa nguruwe, ambao ngozi yao inafanana na yetu kuliko ya wanyama wengi. Aliwafanyia majeraha mepesi yanayolingana, mengine akayaacha wazi yatunge kigaga, mengine akayafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki yabaki na unyevu. Yaliyofunikwa yaliota ngozi kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale ya wazi. Mwaka uliofuata wengine wakaona mwelekeo huohuo kwa binadamu. Sababu yake ni rahisi kuiona ukikumbuka vile visiwa vya ngozi vinavyotambaa. Seli hutambaa juu ya unyevu. Kigaga kikitanda, nyama ya juu imekauka na kufa, na seli zinalazimika kuchimba njia chini yake, kama mtu anayepita chini ya kifusi badala ya kutembea uwanjani. Kigaga kwa mkwaruzo wa sentimita moja hakina neno, mwili una haraka zake. Kwa goti zima ni balaa: mtu akipiga hatua kinapasuka, damu inatoka, mlango unafunguka upya, na kila siku ni siku ya kwanza.

Wa pwani atanijibu kwamba Winter alikuwa London, hakuwa Tanga mwezi wa Februari. Ukifunga jeraha hapa, jasho linajaa chini ya bandeji kabla ya adhuhuri, na kinachofuata ni harufu. Nakubali kwamba unyevu na maji maji ni vitu viwili, na ngozi nyeupe iliyokunjamana kandokando ya kidonda, kama ya vidole vya dobi, ni dalili kwamba tumezidisha. Nailoni ya duka iliyofungwa kwa kamba haifai. Lakini dawa ya joto si kuacha wazi, ni kubadilisha mara nyingi. Mbadala wa kufunika, katika nyumba zetu, ni nzi, ambao hawatoki bustanini bali chooni na jaani. Ni shuka, ni vumbi la ua, ni kucha za mwenyewe usiku. Utaratibu unaoniingia akilini ni huu: baada ya kuosha, tabaka jembamba la mafuta ya Vaseline kutoka kwenye chupa mpya au tyubu, siyo kopo ambalo familia nzima imechovya vidole, juu yake shashi safi, juu yake bandeji isiyobana. Ibadilishwe kila siku, na papo hapo ikilowa au kuchafuka. Mafuta ndiyo yanayozuia shashi kugandamana na nyama, na kuibandua shashi kavu asubuhi ni kung'oa kwa mkono mmoja ngozi iliyoota usiku kucha. Ikishika, iloweshwe maji mpaka iachie yenyewe, hata ikichukua dakika ishirini. Shashi ikikosekana, kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikachemshwa na kupigwa pasi moto kinachukua nafasi yake. Pamba ya kunyofoa isiwekwe kamwe juu ya nyama. Nyuzi zake hubaki. Hata jani la mgomba si la kuchekwa: nchini India madaktari wamelitumia kufunika majeraha ya moto baada ya kulisafisha kwa mvuke, kwa sababu ni pana, laini na halishiki.

Kwa nini mafuta matupu, wala si marhamu yenye antibiotiki? Mwaka 1996 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la wagonjwa wapatao 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, nusu wakipakwa Vaseline na nusu marhamu ya antibiotiki. Maambukizi yalikuwa machache pande zote, na tofauti haikufika kiwango cha kuitegemea. Waliopata mzio kutokana na dawa walikuwa wa upande wa marhamu tu. Mpinzani makini atasema hayo yalikuwa majeraha ya kisu safi, siyo ya lami, naye atakuwa sahihi. Kwa mchubuko mchafu sana uliooshwa vizuri, marhamu kwa siku chache si dhambi. Unga wa kidonge cha rangi mbili ndio ambao siupatii utetezi. Kidonge kile kimetengenezwa kipite tumboni na kupimwa kwa damu. Kikimwagwa juu ya nyama hukutana na kijidudu kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua, hugandamana na majimaji kuwa sementi ya njano inayofunika uchafu, na huweza kuufundisha mwili wa mtu kuichukia dawa ambayo siku moja ataihitaji kwa homa ya mapafu. Halafu kuna wanaomeza, vidonge vinne au sita, wakaacha kidonda kikianza kukauka. Mchubuko usio na maambukizi hauhitaji antibiotiki ya kumeza, na wenye maambukizi unahitaji iliyochaguliwa na kumalizwa. Katikati ya hayo mawili hamna kitu, isipokuwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Asali iko mahali pake pa pekee. Uchambuzi wa majaribio umeonyesha kwamba kwa majeraha mepesi ya moto inaponya kwa kasi kuliko vifuniko vya kawaida, lakini ya kuweka kwenye jeraha ni asali ya tiba iliyosafishwa kwa mionzi. Ile ya soko inaweza kubeba mbegu za bakteria, na sizungumzii ile iliyochanganywa na sukari guru.

Liko pingamizi kubwa kuliko yote, na halina utafiti wowote ndani yake: wazee wetu walitumia spiriti, majivu, majani, hata utando wa buibui, na wakapona. Walipona, ndiyo. Michubuko mingi hupona hata ikitendewa vibaya, kwa sababu mwili hauna subira na ujinga wetu, na yeyote aliyeweka chochote juu ya mchubuko wiki iliyopita ana ushahidi wiki hii kwamba alichoweka kinafanya kazi. Hivyo ndivyo dawa mbovu inavyopata sifa. Kumbukumbu ya familia huwahesabu waliosimulia. Hayumo aliyekatwa mguu, wala aliyekufa kwa kukakamaa taya, kifo ambacho hakuna aliyekiunganisha na jeraha la jembe. Nami sisemi kwamba waliotutibu walikosea katika kila kitu. Yule aliyechuma jani changa, akaliosha, akalibadilisha asubuhi na jioni, alikuwa akiitimiza nusu ya pili ya hoja yangu, kufunika kwa kitu safi. Majivu na kinyesi cha ng'ombe ndivyo visivyo na utetezi.

Mtu akishaosha na kufunika, kazi inayobaki ni kutazama, na kutazama kunataka elimu ambayo vitabu vingi vimetunyima. Vinasema maambukizi ni wekundu unaotambaa. Wekundu huo huonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi huwa weusi uliokolea au zambarau hafifu, au hauonekani kabisa, na anayeungoja atachelewa. Mgongo wa kiganja ni kipimo bora kuliko jicho: uweke pembeni mwa jeraha, kisha mahali palepale kwenye mguu wa pili. Joto linalozidi, ugumu wa ngozi unaopanuka kutoka siku hadi siku, na maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili, wakati yalipaswa kupungua, ndizo habari za kuaminika. Kosa la upande mwingine ni kuogopa kila kitu cha njano. Utando mwembamba wa njano uliolala juu ya nyama, usio na harufu, ni sehemu ya uponaji, na wanaousugua kila siku wakidhani ni usaha wanaurudisha mchubuko nyuma. Usaha ni mzito, hutoka upya baada ya kufutwa, na mara nyingi hunuka. Mtoki kwenye nyonga, mstari unaopanda mguuni, homa au baridi ya ghafla, hayo si ya kungoja kesho. Na wako wasiopaswa kuanzia nyumbani hata kidogo: mwenye kisukari au kinga dhaifu, mwenye jeraha usoni, mwenye mchubuko ulioingia mpaka mafuta meupe yanaonekana, na yule ambaye ukipima kwa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia moja ya ngozi yake yote, unapata viganja vitatu au vinne.

Ngozi mpya ikishatanda huwa ya waridi na nyembamba kama ya kitunguu, na jua huiunguza ikabaki doa jeusi kwa miezi mingi. Suruali au kanga vinatosha kuikinga. Kuwasha ni dalili njema. Kovu likianza kuvimba na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe, jambo linalowapata watu wenye asili ya Afrika kuliko wengine, lionyeshwe mapema kwa daktari wa ngozi, kabla halijawa kubwa.

Nimeacha mwisho mchomo mmoja ambao ninautetea bila masharti. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi kwa miaka, hazifi kwa spiriti, na ugonjwa wenyewe kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, mara nyingi wakati jeraha limekwisha kusahaulika. Maji hupunguza mbegu, ila kinga ni chanjo. Watoto wetu, Tanzania na Kenya, hupata chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi tatu zaidi kabla ya utu uzima, na hizo ndizo zinazopotea njiani. Wanawake huongezewa wakiwa wajawazito. Wanaume hawana kliniki ya namna hiyo, na pengo hilo lilijitokeza katika miaka ya 2010, pale wanaume kadhaa katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kusini walipopata pepopunda baada ya tohara. Kwa jeraha chafu la barabarani, kama imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, inahitajika nyingine. Kama mtu hakumaliza dozi tatu za utotoni au hajui, anahitaji pia sindano ya kinga ya papo hapo, yaani kingamwili zilizo tayari. Mwendesha bodaboda wa miaka 27 aliyeteleza asubuhi hii, ambaye wenzake wamemzunguka wakibishana kati ya spiriti na iodini, huenda mara ya mwisho kuchomwa sindano hiyo alikuwa mgongoni kwa mama yake, na kadi iliyoandikwa tarehe ile imeliwa na mchwa.